Mama Kikombe na Mkojo wa Bibie

Kikombe kiko wazi mkononi, na aliyekishika hapepesi macho. Kwa mkono mwingine anazungusha kitambaa cha shashi kilicholowa maji baridi chini ya kitovu cha mtoto wa miezi saba, taratibu, kama anayefuta kioo cha saa. Mtoto yuko chali mapajani kwa mama yake, anarusha mateke na kucheka.

"Cheka tu, bibie," anamwambia. "Tutaona nani atachoka kwanza."

Katika kliniki hii ya watoto, mhudumu huyu huitwa Mama Kikombe. Kazi yake ni kungoja wasiojua kusema wakojoe.

Mama wa mtoto hacheki. Homa hii ni ya tatu, na zile mbili zilitibiwa kwa kubahatisha. Daktari anashuku maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo yakijirudia huweza kuacha makovu kwenye figo. Anataka mkojo safi kabla ya dozi ya kwanza, maana dawa ikitangulia, vijidudu hujificha. Ule wa jana maabara iliukataa: ulikuwa na vijidudu vya kila aina.

"Uliupata wapi, mwanangu?" Mama Kikombe anamuuliza mama.

"Nilikamua nepi."

"Si wewe tu. Mwenzio alileta wa kwake. Nusura mtoto aambiwe ni mjamzito."

Hapo mama anacheka.

Mbinu ya shashi Mama Kikombe aliianza kwa kutazama watoto wakiogeshwa. "Nikajiuliza, mbona maji baridi yakiwagusa tu wanakojoa? Nilijaribu na mluzi pia. Mluzi uliwapeleka chooni kina mama."

Ghafla mtoto ananyamaza. Vidole vya miguu vinajikunja.

"Haya!"

Matone ya kwanza anayaachia taulo. Kisha kikombe kinaingia, kinakinga, kinafunikwa. Mkono wa gauni lake umelowa.

Dozi ya kwanza inatolewa. Kule maabara, mkojo unapakwa kwenye kisahani na kuwekwa ndani ya kabati la joto ili vijidudu, kama vipo, viote.

"Na wasipoona kitu?" mama anauliza.

"Tutatafuta kwingine. Ila hapa tutakuwa tumeshapita."

Mama Kikombe anatamani kupewa benchi moja na pazia, awafundishe kina mama wakinge wenyewe, nepi zipumzike.

Jioni, akiwa ameshavua gauni la kazi, anasimama kwenye dirisha la maabara.

"Kuna kitu?"

"Mama, vijidudu si chapati!" mtaalamu anamjibu. "Kesho. Nenda nyumbani."

"Naenda," anasema, uso bado kwenye kioo cha dirisha.