Bomba la Mama Linauma

Nyumba ya mama kule Kanduyi, Bungoma, niliijenga kwa jasho langu la ng'ambo, na mchoro wa nyaya zake niliuchora mwenyewe. Nilikuwa nimerudi na diploma ya umeme. Pale mtaani hakuna mwingine aliyekuwa nayo, na sikuona haya kulisema. Kwa hiyo mama aliponipigia simu nikiwa Kitale akasema, "Baba, ile bomba yako ya bafu inauma," nilijua kuna mtu amenichezea.

Nilishamshuku fundi aliyevuta nyaya nikiwa sipo. Asubuhi iliyofuata nilifika Kanduyi, nikamwita, nikamwuliza waya wangu mzuri aliupeleka wapi.

"Waya gani, bana? Si ulikuja ukakagua? Ama ni juu uko na karatasi ya diploma?"

Nilizima stima yote, nikafungua kipasha maji cha shawa na kukipima. Kilikuwa kinavujisha umeme kwenye maji. Lakini umeme huo ulipaswa kushuka kwa waya wa ardhi hadi udongoni, sio kumpiga mama. Nikafungua soketi zote nikitafuta wizi. Fundi aliketi akitafuna njugu.

"Tafuta tu, injinia."

Mama alipita na karai la maji akielekea kuogea nyuma ya nyumba. "Mimi siingii huko tena. Mkono ilikufa mpaka kwa bega."

Niliufuata waya wa ardhi hadi nje. Mwisho wake ulilala kwenye nyasi, umefunguliwa. Kile chuma kirefu kilichopakwa shaba cha kuupeleka umeme ardhini hakikuwepo.

"Umekiuza!" nikamwambia fundi.

Akaacha kutafuna. Akaelekeza kidevu kwa ng'ombe wa mama, aliyefungwa kwenye chuma changu.

"Kwani hiyo ni yako?" mama akauliza. "Ilikuwa inakaa tu hapo bure. Mvua ililainisha udongo, nikaizungusha ikatoka. Huyu ng'ombe anang'oa vijiti zote."

Nilikipigilia upya, nikafunga waya, nikakimwagia zege. Kipasha maji nikakibadilisha. Nikapima mara tatu. Fundi alinishikia tochi. Msamaha nilimwomba kwa sauti ndogo, akaniomba niurudie.

Mama alisimama mlangoni mwa bafu, taulo begani, asisogee. Nikawasha stima, nikafungua maji, nikalishika bomba kwa kiganja kizima.

"Shika tena," akasema.

Nikashika.

"Sasa na huyu fundi pia ashike."