Tuta Aliloniombea Mkwe

Miaka ile ya Ujamaa nilifanya kazi kwenye kitalu cha miche ya misonobari, juu kule Magamba. Kazi yangu ilikuwa kupandikiza miche kwenye matuta. Msimamizi wetu alinifuata nyuma mche kwa mche. Nikishindilia udongo, yeye anauchomoa mche atazame kama mzizi umekaa wima, kisha anaurudisha.

"Ndugu, si hivyo. Rudia."

Jioni miche imelala, naye anasema mkono wangu una mkosi. Ikawa siwezi hata kuinua kopo la maji bila kumwuliza nimwagie wapi. Wenzangu wakanitania, "Muulize kama upumue." Alikwisha kuniambia kwamba miche ikiendelea kufa atanifukuza, na mke wangu alikuwa mjamzito.

Hayo ningeyavumilia. Lakini mama mkwe wangu alikuwa mmoja wa akina mama waliotuletea maji kutoka kijitoni. Kwetu mtu na mkwewe wanastahiana. Akipita, mimi nasogea pembeni na kuinamisha macho. Sasa alikuwa anapita na ndoo kichwani huku mimi nafokewa kama mtoto aliyejikojolea.

Siku moja akatua ndoo. Hakunitazama. Akamwambia msimamizi, "Baba, mtoto ukimfunua kila mara uone kama amelala, atalala saa ngapi? Mwachie huyu tuta moja. Usiliguse mpaka mvua zije. Likifa, mfukuze."

Msimamizi akacheka, akakubali. Mimi nilikuwa nimechuchumaa, mikono udongoni. Maneno yale yalikuwa yangu kuyasema.

Miche ya tuta lile ilishika. Baadaye msimamizi akaniachia na matuta mengine, nami nikaanza tena kujua nifanye nini bila kuuliza. Nyumbani nilisimulia kwamba nilimkabili msimamizi uso kwa uso. Mama mkwe alizisikia habari hizo kwa binti yake. Hakuzikanusha.

Tulimzika mama mkwe mwezi uliopita. Msimamizi alikuja, sasa mzee wa kutembelea fimbo. Nikamwamkia, "Shikamoo." Akaitikia, kisha akasema mbele ya mashemeji zangu, "Mama huyu ndiye aliyekuombea lile tuta. Unakumbuka?"

Mke wangu, aliyesimama karibu, akageuka kunitazama.

"Nakumbuka, mzee," nikajibu. Sikuwa na pa kuelekeza macho ila kwenye ule udongo mbichi.