Mgeni Niliyemfukuza Darasani

Nakumbuka Ijumaa ile, mwanangu, na bado naionea aibu. Nilikuwa mwalimu kijana hapa Bwera, Uganda, karibu na mpaka wa Kongo, nikiwafundisha watu wazima Kiingereza katika ukumbi wa kanisa. Mmoja wao alikuwa Mama Kavira, mkimbizi kutoka Butembo, Kongo, ambako shuleni walisoma Kifaransa. Zahanati moja ilikuwa inatafuta mtu wa kupokea wagonjwa, na baada ya wiki mbili angeitwa kujibu maswali kwa Kiingereza. Alikuwa na watoto wanne, na kazi hiyo ndiyo ilikuwa tumaini lake.

Nilimwambia asome maneno ya ubaoni: hospital, medicine, patient. Akayasoma yote kwa matamshi ya Kifaransa. Darasa likaangua kicheko, nami, badala ya kulinyamazisha, nikacheka kuliko wote.

"Mama, Kifaransa chako ungekiacha mpakani," nikasema.

Akafunga daftari. "Mwalimu, nyumba niliacha. Shamba niliacha. Na lugha hii pia unataka niache?"

Akatoka.

Mzee Baluku, katekista wetu, mwalimu wa dini aliyesoma Kilatini seminarini, alikuwa mlangoni akasikia yote. Alingoja hadi ukumbi ukabaki mtupu. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hayo maneno unafikiri Waingereza waliyatoa wapi?"

Basi akanieleza taratibu, kama ninavyokueleza wewe. Kiingereza kimechota maneno mengi sana katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na mengi yalipitia kwanza kwa Wafaransa. Medicine ilikuwa medicina. Patient ilikuwa patiens, yaani mtu anayevumilia. Hospital imetokana na hospes, yaani mgeni. Zamani ilikuwa nyumba ya kupokelea wageni.

"Huyo mama nusu ya somo lako anaijua tayari," akasema. "Wewe unaandika nyumba ya wageni ubaoni, halafu mgeni mwenyewe unamfukuza!"

Kesho yake nilimfuata sokoni Mpondwe, alikokuwa akiuza maharage.

"Umekuja kununua, ama umekuja kunicheka tena?"

"Nimekuja kuomba msamaha, Mama. Na kukuonyesha kitu."

Akanisogezea gunia nikae. Nikamwandikia maneno ya zahanati, Kiingereza huku, Kifaransa kule, na Kilatini katikati. Alifuata mistari kwa kidole, akaanza kucheka.

"Kumbe lugha hizi ni ndugu! Mwalimu, sasa ni kubadilisha sauti tu?"

"Mara nyingi, Mama. Si maneno yote, lakini mengi."

Tulirudia kila siku, kati ya mteja na mteja. Siku ya maswali ilipofika, alijibu kwa Kiingereza chenye lafudhi ya Butembo, na kila mtu akamwelewa. Kazi akaipata. Mimi nilipata kujua ualimu ni nini.

Kwa hiyo, mwanangu, usimcheke mtu kwa namna anavyotamka. Muulize kwanza anajua nini, uanzie hapo. Hata lugha unayojivunia iliomba maneno kwa jirani zake, wala haikupungua. Na ukimkosea mtu mbele ya wengine, usichelewe kumfuata.

Mungu akupe masikio yenye subira na ulimi usioumiza, na popote utakapofika ukiwa mgeni, akukutanishe na mtu wa kukusogezea mahali pa kukaa.