Mkono Uliokaliwa

Pale maabara walimwita Mama Baridi, kwa kuwa ndiye aliyevipoza vile vipande viwili vya fuwele hadi umeme ukapita ndani yake bila kizuizi. Hapo kila kipande kilitoa mawimbi ya terahezi, yasiyoonekana kwa macho na hafifu kama pumzi ya mgonjwa. Vingepiga mdundo mmoja, nguvu yake ingepita jumla ya vyote viwili. Miaka nenda miaka rudi, vilikataa.

Kipande kimoja alikiongoza yeye, cha pili mtalaka wake. Talaka iliwatoa nyumba moja ikawaacha benchi moja, kila mtu na swichi yake ya kuzungusha.

Asubuhi ile Profesa, mkuu wa maabara, hakuzunguka mbuyu. "Nafasi ya kazi imebaki moja. Atakayevioanisha ndiye atakayebaki."

Wakaanza. Mama Baridi akipandisha umeme, mwenzake naye anapandisha; akishusha, naye anashusha. Vilele viwili kwenye skrini, kila kipande na chake, vikawa vinapishana, kama watu wanaopeana njia kwenye ujia mwembamba na bado wanagongana.

"Tulia basi, bwana! Anayefuatwa husimama."

"Simama wewe. Mimi tangu lini nikasimama?"

"Hilo nalijua. Hata nyumbani hukutulia."

Fundi wa pampu akacheka puani, akavinyooshea kidole vile vipande. "Jamani, msigombane mbele ya watoto."

Mama Baridi hakucheka. Aliona kwamba wakiendelea hivi, watapoteza wote. Akauondoa mkono kwenye swichi, na kwa kuwa aliujua ulivyo na kiherehere, akaukalia.

Mtalaka wake akazungusha, akazungusha. Vilele vikasogeleana, vikagusana, kikainuka kimoja, kirefu kuliko vyote walivyowahi kuviona.

"Nimevipata!" akapiga kelele.

Profesa akaja mbio, akainamia skrini. Mstari wa umeme wa mwanamume ulikuwa umepanda ngazi kwa ngazi. Wa Mama Baridi ulilala tambarare.

"Na wewe, mama, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilitulia, Profesa. Ndiyo maana akanifikia."

"Kutulia hata kiti hutulia."

Fundi akakohoa, akaigeukia pampu yake. Mtalaka akafuta miwani, ingawa haikuwa na vumbi.

Mama Baridi akautoa mkono. Ulikuwa umekufa ganzi. Akauchukua mkoba kwa ule mwingine. Alipofika mlangoni, Profesa akamwita kwa haraka.

"Mama! Swichi yako hukuigusa tena, sivyo? Iache hapo hapo ilipo. Ikisogea tu, tumekwisha."