Mwanamuke Asiyeuliza Jina

Nianze na ukweli: Marie-Louise sikumupenda. Mimi niko mutu wa kusema, kata yetu yote hapa Kasongo inanijua, na mutu mwenye kunyamaza sana ananichosha. Yeye ni wa kunyamaza. Anauza mafuta ya mawese sokoni, karibu na wale wanaoleta samaki toka Nyangwe. Ni mukristu wa Kabambare, na kazi yake ya pili haina hata jina. Mwanamuke akishikwa na uchungu wa kuzaa, wanamwita Marie-Louise. Si muzalishaji, hana sindano wala mukasi. Anaingia naye materinite, nyumba ya kuzalia, anakaa naye mpaka mutoto atoke, basi. Wakimupa kipande cha sabuni anashukuru, anarudi kwenye mafuta yake.

Nilikuwa nasema: kazi gani hiyo ya kukaa? Kukaa hata mbuzi anaweza.

Aliyemutaka ni mukamwana wangu Mounira. Miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, na mama yake alishakufa. Niliumia, sifichi. Nikamuuliza mutoto wangu Djafari, bwana yake: "Mimi niliyezaa saba niko hapa, na bibi yako anatafuta mugeni?"

Djafari akacheka. "Mama, wewe mutu akipiga chafya tu unamufokea."

Uchungu ulimushika Mounira alfajiri, tumemaliza tu kusali. Tulipofika materinite, wazalishaji walikuwa wawili na wanawake wenye kuzaa walikuwa tisa. Wakamupima, wakasema njia iko inafunguka polepole, wakakimbilia kitanda kingine. Marie-Louise akabaki. Hapo ndipo nilianza kuona ile kukaa yake ni ya namna gani.

Alimusimamisha, wakatembea ndani ya chumba, mikono ya Mounira shingoni kwake. Uchungu ukija, alimukanda kwa ngumi chini ya mugongo, pale kwenye kiuno, huku akipumua naye taratibu. Muzalishaji akisema neno la Kifaransa, yeye analigeuza: "Amesema moyo wa mutoto unapiga vizuri." Akiona kitu kinakuja, anamwambia mbele, ili kisimushtue. Alimunywesha chai kidogo kidogo. Mounira, aliyeingia anatetemeka mwili mzima, akatulia.

Lakini saa sita ikapita, saa nane nayo ikapita. Kichwani kwangu likaanza lile neno la wazee wetu. Walisema mutoto akikataa kutoka, mama yake ameficha mwanaume. Ataje jina, njia itafunguka. Na mimi, Mungu anisamehe, jina nilikuwa nalo tayari. Siku moja nilimuona Mounira akishuka kwenye pikipiki ya Souleymane, wanacheka wote wawili. Souleymane ni wa teksi ya pikipiki, anabeba kata muzima, hata mimi ananibeba, na mimi pia ananichekesha. Lakini woga hauna akili. Niliona mukamwana na mujukuu wananifia mbele ya macho. Na Djafari alikuwa amekaa nje chini ya dirisha, kila neno linamufikia.

Nikainama sikioni kwa Mounira. "Mwanangu," nikamwambia, "kama iko kitu unaficha..."

Marie-Louise akanishika mukono. Hakunivuta kwa nguvu. Alimwambia Mounira, "Niko hapo mulangoni tu, nitazame," akanitoa mpaka mulangoni.

"Mama Djafari," akasema kwa sauti ya chini, "mimi waliniuliza. Kule kijijini, siku mbili za uchungu. Wamama wanne wamenizunguka, mama mukwe wangu mbele yao: taja, taja. Sikuwa na wa kutaja. Nikaona hawataniacha, nikamutaja jirani yetu Ruphin, juu jina lake ndilo lilikuja mbele. Jioni mutoto akatoka. Wote wakasema, munaona?"

"Na kisha?"

"Bwana yangu alinifukuza na mutoto wangu. Ruphin akakimbilia Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, bibi yake akabaki peke yake. Sasa nenda umupikie binti yako uji. Akimaliza atakuwa na njaa."

Mimi, mutu wa kusema, nilienda kimya. Nilikoroga ule uji ninalia. Niliporudi na termosi, alasiri, nilisikia mutoto kabla sijafika mulangoni. Mutoto mwanaume. Mounira alikuwa anacheka kwa uchovu, bado ameshika kidole cha Marie-Louise. Djafari alilia kuliko mutoto.

Siku ya arobaini nilichinja jogoo, tukamwita Marie-Louise. Wakati wa kula, Mounira alimuuliza alianzaje hii kazi, naye akamusimulia habari yote ya Ruphin. Tukala, tukashiba. Kisha ulimi wangu ukaniwasha. Wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi nilijikwaa.

"Marie-Louise," nikasema, "sasa tuko sisi tu hapa. Yule Ruphin, kweli hakukuwa na kitu kati yenu?"

Alikunja kitambaa chake cha kichwa, akakikunja tena. "Miaka makumi mbili na sita," akasema. "Hata wewe, Mama Djafari?"

Hakukasirika, na hiyo ndiyo iliniuma zaidi. Niliona haya, haya ya kweli, nikatazama mukeka. Nilipoinua macho, Mounira alikuwa ananitazama, mutoto kwenye ziwa.

"Mama," akasema, "siku ile, pale sikioni kwangu. Ulitaka kuniuliza jina?"

Ningeweza kukataa. "Nilitaka," nikasema.

"Ningekutajia," akasema. "Lolote. Ningetaja hata jina la baba yangu, ili uniache."

Marie-Louise aliaga, akaenda na kipande chake cha sabuni. Mounira akamutoa mutoto kwenye ziwa, akaniwekea mapajani, akaenda kuosha sahani. Nilikaa naye pale kwenye mukeka, sikusema kitu, mpaka akalala.