Mikono Myeupe ya Mzee Renzo

Usiku ule wa kuamkia pambano langu na Zuberi nililala na hasira, na mfuko wa unga wa jipsamu nimeuficha chini ya kitanda. Ni ule unga wa mafundi wa dari. Ukiunyunyiza kwenye bandeji za mikono, jasho likaulowesha, unaganda, na ngumi inakuwa jiwe ndani ya glovu. Zuberi alimpiga mdogo wangu Hamisi kwa ngumi ya namna hiyo, na Hamisi sasa jicho la kushoto halioni. Dawa ya moto ni moto. Mimi kushinda sikukutaka hata kidogo, nilitaka Zuberi naye apapase ukuta.

Basi usingizini akanijia Mzee Renzo, marehemu kocha wangu, yule Mwitaliano aliyekuja Iringa kujenga barabara akabaki kutufundisha ngumi mpaka tukamzika. Ujanani alikuwa bingwa wa Italia wa uzito wa juu, ingawa mwenyewe hakupenda kuulizwa habari hizo. Amekaa kwenye benchi la jimu yetu, mikono kaificha kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

Aliinuka akatoka, nikamfuata, na nje ya mlango tukawa kwao Italia. Kuna baridi. Namwona yeye kijana, pande la mtu, mtoto wa mchonga mawe, anapanda ulingoni na ukumbi mzima unamwita jina. Raundi ya pili tu anamwangusha bingwa wa zamani kifudifudi, na wanamvika mkanda. Yule aliyeanguka ana sura ya Zuberi. Nilishangilia, siwezi kudanganya. Nilisema moyoni, hivyo hivyo, kesho.

Mara tuko hospitali. Yule aliyeanguka kaegemezwa mto, mkewe anamlisha uji, na uji unamtoka mdomoni. Renzo, sasa mzee tena, anaitoa mikono kwapani. Ni myeupe mpaka viwiko, unga umeganda, na anaukwangua kwa kucha lakini haubanduki.

"Meneja wangu ndiye aliyeuweka," akasema. "Nami nilijua."

"Mzee, huyo wako hakukukosea kitu. Wangu kamtoa mdogo wangu jicho."

Akanigeukia. "Siku ya Hamisi, nani alitumwa kumwangalia Zuberi akifungwa bandeji?"

Kwetu mabondia kila upande hutuma mtu chumbani kwa mpinzani, akae pale mpaka mkono wa pili umalizike kufungwa. Siku ile mtu huyo nilikuwa mimi. Niliona wanachelewa, nikatoka kunywa soda na kupiga picha na mashabiki.

"Kesho mtu akakae," akasema Renzo. "Halafu umpige."

Niliamka kumeshapambazuka. Unga niliumwaga chooni. Hasira haikutoka, wala sikuiomba itoke. Nikaenda chumbani kwa Hamisi, nikamwamsha, nikamweleza yote: ndoto, unga, na ile soda. Miezi yote hiyo alikuwa akimlaumu Zuberi peke yake.

Hamisi aliketi kitandani, nikadhani ataniambia nitoke. Kisha akainama kutafuta viatu vyake.

"Leo nakwenda kumwangalia mimi," akasema. "Jicho moja linatosha."