Fundi Vigae Anayesubiri Gegedu Lake Liote

Saa mbili asubuhi, Pima Maji amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu wa kulia ameunyoosha, anakata vigae. Hatua nne kutoka hapo mwenzake amechuchumaa, anavipanga sakafuni. Pima Maji anamtazama kwa wivu, na wala hafichi.

"Ile ndiyo ilikuwa kazi yangu," anasema. "Kukata nako ni kazi, lakini wapi!"

Mafundi walimpa jina la kifaa chao cha kupimia usawa kwa sababu sakafu yake haijawahi kuinama. Kwa miaka kumi na tisa alitandika hadi mita thelathini za mraba kwa siku. Leo, akiwa na miaka arobaini na mmoja, kuvaa soksi tu ni shughuli.

Nyonga ilipoanza kuuma, alikwenda hospitali. Daktari akamwambia achuchumae. Akashuka mpaka chini, meno kayakaza, akasema, "Safi kabisa, daktari."

Jamani! Mtu kaenda kutibiwa, halafu anamdanganya daktari?

"Mazoea," anasema, akicheka kwa aibu. "Msimamizi akikuuliza kama unaumwa, ukikubali, kesho mwenzio yuko mahali pako. Nilimjibu daktari vilevile."

Akapewa vidonge, akarudi kazini. Uongo ule ulimpotezea miaka miwili.

Mkewe, mshona mapazia, hamwonei haya. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimwambia, akaniona nina kelele."

Aliporudi hospitali akiwa anachechemea, picha zilionyesha shimo kwenye gegedu, tabaka laini linalozuia mifupa ya kiungo isisagane. Lingekuwa limelika lote, angewekewa nyonga ya bandia. Lake limeharibika sehemu moja, na bado kuna la kujaribu.

Wiki tatu zilizopita, madaktari walichukua kijipande cha gegedu lake lililo zima. Seli zake sasa zinakuzwa maabara, zije kupandwa penye shimo. Ijumaa ijayo ataambiwa kama zimeota za kutosha. Hakuna aliyemwahidi kitu.

"Mimi nilielewa upesi," anasema. "Kigae kimoja kikiachia, huvunji sakafu nzima. Ila ukichelewa, na vya jirani vinaachia."

Zikipandwa, atakaa wiki sita bila kuukanyagia mguu huo. Mkewe anasema hapo atakayehitaji daktari ni yeye mke.

Nyumbani kwao, chumba cha mbele bado ni saruji tupu. Maboksi ya vigae yameegemea ukuta tangu kabla hajaumwa. Wenzake walijitolea kumtandikia, akakataa katakata.

"Nimechoka kufagia vumbi, baba watoto," mkewe anamwambia.

"Nivumilie, mke wangu. Nataka nipige magoti mwenyewe humu ndani. Nimeitamani sakafu hii mpaka naiota."

"Na zisipoota hizo seli?"

Pima Maji anapangusa vumbi juu ya boksi moja.

"Basi waite hao wenzangu," anasema. "Ila siku hiyo mimi nisiwepo."